Habari za Kakapo, Kasuku wa Usiku

Kasuku tumjuaye sisi ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aletwaye kutoka misitu ya Kongo, akawekwa tunduni barazani na kufundishwa kusema. Wengi wetu tumemwona, na baadhi yetu tumewahi kutukanwa naye. Lakini katika visiwa vya Nyuzilandi, mbali sana kusini, upande wa mashariki wa Australia, yuko kasuku mwingine ambaye si rahisi mtu kuziamini habari zake kwa kusikia tu. Ni mnene kupita jogoo, na dume lake hufikia uzito wa kilo 4. Hulala mchana na kutembea usiku kama bundi. Ana mabawa, wala hawezi kuruka. Wamaori, ambao ndio wenyeji wa nchi ile, walimwita kakapo, na maana yake katika lugha yao ni kasuku wa usiku. Wazungu nao walipomwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1845 walimpa jina la Kigiriki, maana yake mwenye uso wa bundi.

Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ndege huyu aliyekuwa ameenea nchi nzima alivyopunguka, hata mwaka 1995 wakahesabiwa 51 tu duniani pote. Tena twataka kueleza kwa nini hata baada ya kazi nyingi na fedha nyingi hajatoka bado katika hatari. Karibu kila adui aliyempata aliletwa na mkono wa mtu, na tena mara nyingine na mtu aliyedhani anatengeneza.

Kwanza yapasa kuijua nchi yake. Visiwa vya Nyuzilandi vilitengana na nchi nyingine zamani mno, kabla wanyama wa miguu minne hawajapata kufika huko. Hapakuwa na chui wala fisi, wala paka, wala nguchiro, wala hata panya. Nyoka pia hapakuwa. Mnyama anyonyeshaye watoto aliyekaa nchi kavu alikuwa popo peke yake, na pwani walipanda sili kutoka baharini kuota jua. Basi ndege walipata nchi kuwa yao, wakafanya kazi zifanywazo na wanyama kwetu. Moa, ndege ambao baadhi yao walikuwa wakubwa kupita mbuni, walikula majani kama ng'ombe. Kiwi walichokora udongo usiku wakitafuta minyoo. Kakapo naye alikwenda chini ya miti akila majani, mizizi na matunda, akipanda mitini kwa makucha na mdomo wake, na kushuka kwa kujitupa huku amekunjua mabawa asiumie. Kuruka ni kazi nzito ilayo nguvu nyingi za mwili, na mahali ambapo hakuna adui wa kukimbiwa juu ya nchi, ndege asiyejitaabisha kuruka huweza kuwa mnene na kuishi kwa chakula kidogo. Ndivyo ilivyomtokea kakapo kwa muda wa vizazi visivyohesabika.

Si kwamba hakuwa na adui kabisa. Adui zake walikuwa tai, na mmoja wao alikuwa tai mkubwa kuliko wote waliopata kujulikana duniani, ambaye sasa hayuko tena. Lakini tai huwinda mchana, tena huwinda kwa macho. Kwa hiyo kakapo alijikinga kwa mambo matatu. Alitembea usiku. Manyoya yake yalikuwa kijani kilichochanganyika na manjano na weusi, mfano wa majani na kuvu la msituni. Na aliposikia jambo la kumtisha, alisimama kimya asitikisike hata kidogo, mpaka hatari ipite. Tai aliye juu hakuona kitu ila majani.

Wako watu wanaomwita kakapo mjinga kwa sababu hasimami kupigana wala hakimbii. Sisi hatukubali neno hili. Kusimama kimya kulikuwa akili kamili kwa adui aliyemjua, na kulimwokoa tangu zamani zisizokumbukwa. Lakini kakapo ana jambo moja ambalo tai hakulijali: ananuka. Harufu yake ni tamu na nzito, kama asali na maua yaliyooza kidogo, wala si vigumu hata kwa pua ya mtu kuitambua msituni. Mnyama awindaye kwa pua humfikia moja kwa moja, naye amesimama pale kimya akingoja asionekane.

Jambo la pili lililokuwa jema zamani na baadaye likawa hatari ni namna yake ya kuzaa. Kakapo hawazai kila mwaka. Hungoja mwaka ambao miti ya misitu yao, na zaidi mti uitwao rimu, itazaa matunda kwa wingi, na jambo hilo hutokea mara moja katika miaka miwili, mitatu au minne. Mwaka huo ukifika, madume hupanda vilimani, na kila dume hujichimbia shimo dogo mfano wa bakuli, pengine mashimo kadhaa yaliyounganishwa kwa vijia. Huyasafisha sana, ukiangusha kijiti ndani yake, kesho utakikuta kimetupwa nje. Usiku hukaa shimoni, akajivimbisha kifua mpaka awe kama mpira, akatoa sauti nene ya chini kama ngoma kubwa ipigwayo mbali. Hupiga hivyo saa nyingi za usiku, na kila usiku, miezi miwili au mitatu au hata minne, naye hukonda sana kwa kazi hiyo. Sauti huenda kilometa nyingi katika mabonde. Majike husikia, huja kwa miguu, huchagua dume, kisha hurudi zao. Dume halisaidii kitu tena. Jike peke yake hutafuta pango au shina lenye tundu, hutaga yai moja hata manne, huatamia karibu siku 30, na makinda yakianguliwa hana budi kuyaacha peke yake gizani kila usiku akaenda mbali kuwatafutia matunda. Makinda hukaa kiotani yapata majuma kumi, yakinuka na kulia.

Ndege huyu huishi miaka mingi sana, na katika nchi isiyo na wawindaji wa kunusa, kuzaa polepole hakukuwa hasara. Katika nchi yenye panya na paka, msomaji aweza kukisia mwenyewe.

Wamaori walifika katika mitumbwi yao mikubwa katika karne ya 13, kwa kadiri wataalamu walivyopima. Walikuja na mbwa, tena walikuja na panya mdogo wa visiwa vya Pasifiki. Nchi ilikuwa na baridi kuliko visiwa walivyotoka, na baadhi ya mazao yao hayakustawi, basi waliwinda. Nyama ya kakapo ilikuwa tamu, na manyoya yake yalifumwa katika mavazi ya wakuu. Mbwa aliwanusa pasipo taabu. Moa wote walikwisha baada ya miaka isiyo mingi, na yule tai mkubwa aliyewategemea akaisha pamoja nao. Kakapo hakuisha, ila alitoweka katika sehemu kubwa ya kisiwa cha kaskazini na pwani nyingi. Hatuoni haki kuwalaumu mno watu wale. Walikuwa na njaa katika nchi ngeni, nao hawakuwa na kitabu cha kuwaambia kwamba ndege waliowala hawako mahali pengine duniani.

Walioandika vitabu walifika baadaye. Tangu mwaka 1840 na kuendelea Waingereza walihamia kwa maelfu. Walikata misitu na kuichoma moto wapate malisho ya kondoo. Pamoja nao walikuja paka, mbwa wa namna mpya, na panya wakubwa wa melini ambao ni wakali na wajuzi wa kupanda miti. Watafutaji wa dhahabu na wapima nchi walikula kakapo kambini. Charlie Douglas, aliyezunguka miaka mingi katika pwani ya magharibi, alisimulia kwamba penye kakapo wengi mtu aliweza kutikisa mti katika mbalamwezi wakaanguka chini kama matunda. Na habari zilipoenea kwamba kakapo wanapunguka, nyumba za makumbusho na matajiri wa Ulaya wakataka kila mmoja ngozi yake kabla hawajaisha. Wasasi wa kazi hiyo, mmojawapo Andreas Reischek wa Austria, waliwaua na kuwakausha kwa wingi. Hivyo uchache wa kakapo ukawa sababu ya kuuawa zaidi, nasi twakiri kwamba jambo hili latushangaza kuliko njaa ya Wamaori.

Hata hivyo misitu ya kusini magharibi, iitwayo Fiordland, yenye milima mikali na mvua isiyokatika, ilibaki imejaa kakapo hadi miaka ya 1880. Huko ndiko lilikopelekwa pigo kubwa kuliko yote, nalo lilianzia kwa sungura.

Wahamiaji walikuwa wameleta sungura wa Ulaya kwa nyama na kwa mchezo wa kuwinda. Sungura walizaana mpaka wakayala malisho ya kondoo yakawa udongo mtupu, na wafugaji wengi wakaachilia mashamba. Wafugaji wakalia kwa serikali. Ndipo likatolewa shauri la kuleta kutoka Uingereza adui za sungura, yaani wanyama wa jamii ya kicheche, wembamba, wepesi, wenye kiu ya damu. Wataalamu wa ndege walionya kwa maneno ya wazi kwamba wanyama hao hawatachagua sungura peke yao katika nchi ambayo ndege hutembea chini. Wafugaji walikuwa na kura na fedha, ndege hawakuwa na kitu. Basi katika miaka ya 1880 vicheche wakaletwa kwa mamia na kufunguliwa mashambani. Sungura hawakuisha, wako hata sasa. Lakini vicheche walipanda milima, wakavuka mito, wakaingia Fiordland kabla hata ya watu kuyapa majina mabonde yake yote. Kicheche mmoja aweza kumuua kakapo aliye mzito kumpita mara nyingi, na kiotani hasazi yai wala kinda.

Wakati huo palikuwa na mtu mmoja karibu na ziwa la Te Anau, jina lake Richard Henry. Alizaliwa Ireland mwaka 1845, akakulia Australia, akaja Nyuzilandi akafanya kazi za mikono za kila namna. Hakuwa mtu wa vyuo. Lakini alikuwa na subira ya kukaa msituni na kutazama, na kwa kutazama alijua habari za kakapo ambazo mabwana wa makumbusho wenye ngozi mia kabatini hawakuzijua. Yeye ndiye aliyeona kwamba hawazai kila mwaka. Tena aliona kwa macho yake vicheche wakija, na ndege wakinyamaza bonde kwa bonde.

Serikali ilikuwa imetenga mwaka 1891 kisiwa kikubwa kiitwacho Resolution, katika pwani ya Fiordland, kiwe makimbilio ya ndege. Mwaka 1894 Henry akawekwa kuwa mlinzi wake. Akajenga nyumba katika kisiwa kidogo cha jirani, akaanza kazi ambayo hapakuwa na mfano wake. Alikuwa na mbwa wa kunusa, aliyefungwa mdomo asiume. Alipanda naye katika misitu ya bara kwenye mvua na matope, akawakamata kakapo na kiwi wakiwa hai, akawabeba katika vizimba mgongoni hata pwani, akawavusha kwa mashua na kuwafungua Resolution. Alifanya hivyo miaka sita. Kwa taabu hiyo alihamisha mamia ya ndege. Ndugu msomaji aliyewahi kubeba kuku watano kwenda gulioni kwa miguu afikiri juu ya jambo hili.

Mwaka 1900 wasafiri waliokuwa katika meli ya matembezi walisema wamemwona mnyama mfano wa kicheche akimfukuza ndege katika ufuo wa Resolution. Henry hakutaka kusadiki. Akatega mitego, akangoja, akatafuta. Baada ya miezi kadhaa akamwona mwenyewe. Mlango wa bahari uliotenganisha kisiwa na bara ulikuwa mwembamba, na kicheche ni mwogeleaji hodari. Jambo hili halikujulikana wakati kisiwa kilipochaguliwa. Ndege wote aliowavusha walikuwa wamekusanywa pamoja mahali ambapo hawakuwa na njia ya kutoka.

Henry aliendelea kukaa huko hata mwaka 1908. Mwaka 1903 alichapisha kitabu juu ya tabia za ndege wasioruka, na kitabu hicho kilisomwa tena kwa bidii na watu waliokuja miaka 70 baadaye. Alikufa mwaka 1929. Kakapo wachache walikuwa wamepelekwa pia kisiwa cha Little Barrier mwaka 1903 na kisiwa cha Kapiti mwaka 1912, lakini Little Barrier palikuwa na paka, na visiwa vyote viwili vilikuwa na panya. Wakaisha bila kuacha uzao.

Kisha ikaja miaka mingi ambayo hakuna ajuaye hakika kama kakapo wako au hawako. Kuanzia miaka ya 1950 watumishi wa serikali walianza kuwatafuta. Mwaka 1961 wachache walikamatwa Fiordland, wakatiwa katika matundu ili wazaliane. Waliowekwa tunduni wote wakafa. Katika mwaka 1974 walipata kutumia helikopta, wakashushwa katika mabonde ambayo kuta zake za mawe zilikuwa zimewazuia hata vicheche wengi. Mkuu wao katika kazi hii alikuwa Don Merton. Hata kufika mwaka 1977 walikuwa wamewaona kakapo 18. Wote madume. Kila mmoja alikuwa amezeeka juu ya kilima chake, akisafisha mashimo yake, akipiga ngoma usiku katika bonde ambalo jike wa mwisho alikuwa amekufa zamani.

Mwaka ule ule wa 1977 Mungu alifungua mlango ambao haukutazamiwa. Katika kisiwa cha Stewart, kusini kabisa, yalionekana mashimo mapya ya kakapo, kisha wakaonekana kakapo wenyewe, labda mia, labda mia mbili. Vicheche hawakuwa wamefika kisiwa hicho. Mwaka 1980 jike lilishikwa mkononi, na furaha ilikuwa kubwa, maana tangu mwanzo wa karne hakuna aliyekuwa na hakika kwamba majike yangalipo. Lakini furaha haikudumu. Paka walikuwa wameingia kisiwani zamani, wakawa wanyama wa mwitu. Watafutaji wakaanza kukuta mizoga. Katika muda wa mwaka mmoja, kati ya 1981 na 1982, zaidi ya nusu ya kakapo wakubwa waliokuwa wakifuatwa waliuawa na paka.

Paka tunamfikiri kuwa rafiki wa ghala zetu, na kwa haki, maana panya ni adui yetu. Lakini kisiwani ni jambo jingine, wala si kule kwa Wamaori tu. Katika Bahari yetu ya Hindi, kaskazini magharibi ya Bukini, kiko kisiwa cha Aldabra, na humo yumo ndege mdogo asiyeruka, aliye wa mwisho wa namna yake katika visiwa vya pande hizi. Katika kisiwa kimojawapo cha Aldabra kiitwacho Picard ndege hao waliisha kwa sababu ya paka, na paka walipokwisha ondolewa, mwaka 1999 wakarudishwa wengine kutoka kisiwa cha jirani, wakastawi. Dodo wa Mauritius hakupata bahati hiyo. Waholanzi walifika kwake mwaka 1598, na kabla ya miaka mia kutimia alikuwa ameisha, ameliwa na watu, na mayai yake yameliwa na nguruwe, nyani na panya walioshuka merikebuni.

Turudi kisiwa cha Stewart. Hapakuwa na shauri jingine ila kuwaondoa wote. Kazi ya Henry ikaanzwa tena, mbwa na vizimba, ila sasa kulikuwa na helikopta. Kati ya mwaka 1982 na 1997 walihamishwa ndege 61 kwenda visiwa vya Whenua Hou, Maud na Little Barrier, ambapo hapakuwa na paka. Hata hivyo wengine walikufa, na waliozaliwa walikuwa wachache mno. Yule panya mdogo aliyeletwa na Wamaori alikuwako Whenua Hou na Little Barrier. Hawezi kumdhuru kakapo mkubwa, bali mama anapoondoka usiku kwenda kula, panya huingia kiotani na kula mayai na makinda. Mwaka 1995 ndipo walipohesabiwa 51, na majike yalikuwa machache kuliko madume.

Kuanzia hapo walinzi waliacha kuwatazama kwa mbali. Kila kakapo alipewa jina na kufungwa chombo kidogo cha redio mgongoni. Watu walilala katika hema karibu na kila kiota, na mama alipotoka, walikwenda kuyafunika mayai kwa kitambaa cha moto yasipoe, na kuwazuia panya. Mwaka 1998 panya wote wa Whenua Hou wakaangamizwa kwa sumu, baada ya kakapo kuhamishwa kwa muda.

Hata wema ulikuwa na mtego wake. Walinzi waliona kwamba majike hayazai, wakawapa chakula cha ziada wapate nguvu. Yakazaa, lakini makinda yakawa madume zaidi. Ikajulikana kwamba jike aliyenenepa sana huelekea kuzaa madume, na jike wa wastani huzaa majike mengi zaidi. Tangu hapo chakula kilipimwa kwa kila jike, kama daktari apimavyo dawa. Mwaka 2002 rimu ilizaa sana, wakapatikana makinda 24, na jumla ikawa 86. Watu walilia kwa furaha.

Katika wale madume 18 wa Fiordland mmoja tu aliacha uzao. Alikamatwa mwaka 1975, akaitwa Richard Henry, kwa jina la yule mlinzi wa Resolution. Ndege wa Stewart walikuwa wamekaa kisiwani peke yao maelfu ya miaka, wakazaana wenyewe kwa wenyewe, hata damu yao ikawa moja mno. Richard Henry alikuwa na damu ya bara. Mwaka 1998, katika kisiwa cha Maud, alipata makinda matatu kwa jike aitwaye Flossie. Alikufa mwishoni mwa mwaka 2010, akiwa mzee ambaye miaka yake hakuna aliyeweza kuihesabu. Damu yote ya kakapo wa bara iliyobaki duniani imo katika watoto na wajukuu wake.

Hapa ndipo ilipo hatari ya sasa, nayo si ya kutegwa kwa mtego. Paka na kicheche waweza kuzuiwa na bahari. Udhaifu wa damu hauzuiwi. Karibu nusu ya mayai ya kakapo hayaanguliwi. Madume mengine hayana mbegu iliyo njema, na mayai mengine huanza kuumbika kisha hufa. Wataalamu wamesoma maumbile ya damu ya karibu kila ndege aliye hai, wapate kujua nani aoane na nani, na pengine hupeleka mbegu ya dume kwa jike kwa mkono wa mtu. Pamoja na hayo, ndege walio ndugu huwa hawana nguvu mbalimbali za kushinda magonjwa. Mwaka 2019 rimu ilizaa kuliko ilivyopata kuonekana, na makinda yakapatikana zaidi ya 70, hesabu isiyopata kuwako tangu kazi ilipoanza. Katika msimu huo huo ugonjwa wa ukungu wa mapafu uliingia Whenua Hou. Wagonjwa walichukuliwa kwa ndege mpaka hospitali za wanyama mijini, wakatibiwa miezi mingi, na hata hivyo 9 wakafa. Mwaka 2022 yalilelewa makinda 55, na jumla ikafika 252.

Wamaori wa kabila la Ngāi Tahu, ambao nchi za kusini ni za mababu zao, wamo katika shauri la kazi hii pamoja na serikali, na hakuna ndege ahamishwaye pasipo neno lao. Hilo twaliona kuwa jema, kwa maana wazee wao walimjua kakapo kabla ya sisi sote.

Mahali pa kuwaweka ni shida nyingine. Kakapo dume hutaka nafasi kubwa, na visiwa visivyo na panya, paka wala kicheche si vingi. Mwaka 2023 baadhi ya madume yalipelekwa kisiwa cha kaskazini, katika mlima wa Maungatautari, uliozungushiwa uzio wa kuwazuia wanyama wenye urefu wa kilometa 47. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kakapo kukaa tena bara baada ya karibu miaka 40. Uzio ulikuwa umejengwa usipandwe kutoka nje. Kakapo ni hodari wa kupanda, na wengine waliona njia ya kuupita kutoka ndani, hata ikawabidi walinzi kuwarudisha visiwani.

Kisiwa cha Resolution nacho hakikusahauliwa. Kwa ukubwa wake kingeweza kuchukua kakapo wengi kuliko vile vidogo vilivyo salama. Mwaka 2008 njia zilikatwa kote kisiwani, na mitego ya vicheche ikatengwa kwa maelfu, kutoka ufuo hata vilele vya milima. Vicheche wamepunguka sana. Lakini mlango wa bahari ni ule ule alioutazama Henry, na kila mwaka wako wachache wanaovuka kwa kuogelea. Kwa hiyo mitego hukaguliwa, hutiwa chambo kipya, na hutegwa tena, nao kakapo hawajarudishwa huko.